Haja Kubwa za Mtaa wa Tulizana

Usiitafute nchi yetu kwenye ramani. Ramani zetu zilikaguliwa na Wizara ya Staha, zikaonekana zinaonyesha mambo waziwazi kuliko inavyopasa, zikafungiwa kabatini. Itoshe kujua kwamba ni nchi yenye haya kuliko zote duniani, na hilo silisemi mimi, linasemwa na redio ya taifa kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Kwenye nembo yetu kuna kombe lililofunikwa kawa, na chini yake maneno mawili: Funika Kombe. Wageni huuliza mbona methali haikumaliziwa. Tunawajibu kwamba kuimalizia ni kukosa adabu.

Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi katika Mtaa wa Tulizana, mji mkuu, bondeni chini ya kilima anakokaa Liwali. Kazi ya mjumbe ni kujua yote yanayotendeka majumbani mwa watu na kutomwambia yeyote isipokuwa wakubwa. Nimeifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja. Kwa hiyo msidhani haya ninayosimulia ni malalamiko. Ni maelezo tu ya namna serikali yetu ilivyoshughulikia haja za wananchi, na kama mtaona aibu mnaposoma, mjue na mimi naiona ninapoandika.

Tuna Sheria ya Kutunza Ndimi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, katika nchi yetu hakuna mtu anayekwenda kule mnakokwenda nyinyi asubuhi. Sisi hunyoosha miguu. Chumba chenyewe kimeandikwa mlangoni Chumba cha Kutafakari, na afisa akichelewa kutoka, wanaosubiri husema ana mawazo mazito. Majina yote ya kinachoachwa mle ndani yalipigwa marufuku. Ile methali ya wazee kuhusu vitu vya kale na harufu yake ilifutwa vitabuni, na watoto wanafundishwa kwamba wazee hawakuwahi kuitunga. Neno moja tu liliachwa, haja, kwa kuwa lilionekana safi. Kuna haja ndogo na kuna haja kubwa, na mtu akizitimiza husemwa amejisaidia.

Sasa, haja kubwa za mji mzima husafiri chini ya ardhi katika mabomba yaliyolazwa na wakoloni, ambao kwa utovu wao wa haya waliyataja kwa jina na kuyachora kwenye karatasi. Walipoondoka tuliichoma ile michoro kwa shangwe. Tangu siku hiyo mabomba hayajaguswa, maana ukitaka kitu kitengenezwe lazima ukiombee fedha, na ukitaka kukiombea fedha lazima ukitaje. Kila mwaka bajeti yake ilipita bungeni chini ya kichwa cha Mengineyo. Hakuna mbunge aliyethubutu kuuliza Mengineyo ni nini. Yakanunuliwa mapazia.

*

Mkaguzi wa mabomba hayo alikuwa Hamduni, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Cheo chake serikalini kilikuwa Afisa wa Chini. Wengi walidhani ni daraja. Kumbe ni mahali.

Hamduni alikuwa mtu wa maneno ya kuchagua. Shati lake lilipigwa pasi hata siku za kuingia chemba, na akikanyaga msumari husema, "Nimepata changamoto ya unyayo." Alipokwenda kuposa kwa Bi Mwatime, mjane mwenye nyumba ya mwisho mtaani, wazee wakamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anashughulika na mambo ya ndani ya mji. Bi Mwatime akaelewa Wizara ya Mambo ya Ndani, posa ikakubaliwa siku ile ile, na tangu hapo mama huyo akimtaja mkwewe sokoni alishusha sauti na kuangalia nyuma. Hamduni hakumsahihisha. Angemsahihisha kwa maneno gani?

Yakaja malalamiko kutoka kilimani kwamba bustani ya Liwali ina hali ya hewa nzito. Hamduni akapanda na kopo lake la rangi nyekundu. Kazi yenyewe haina uchawi: unamimina rangi katika Chumba cha Kutafakari, unavuta maji, halafu unateremka ukifunua chemba moja baada ya nyingine kuona kama rangi inapita. Chemba ya kwanza haikupitisha kitu. Ya pili ilikuwa kavu kabisa. Rangi ilikuwa imeingia ardhini, na Hamduni akashuka kilima akiitafuta, akitazama mitaro na nyasi, hadi akafika uani kwa mama mkwe wake, akakuta watu wamejaa.

Bi Mwatime alikuwa amesimama kando ya kisima chake na ndoo mkononi. Maji yalikuwa na rangi ya waridi.

"Njooni muone neema," alikuwa akiwaambia majirani. "Kisima cha marehemu mume wangu kimetoa sharubati."

Mimi nilikuwapo, nikaonja. Yalikuwa na ladha nisiyoizoea, nikasema Mungu mkubwa.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Bi Mwatime alipomwona Hamduni anaingia, alijifunika kanga na kumgeuzia bega, kama desturi inavyotaka.

"Karibu, mkwe. Wewe ni mtu wa serikali na umesoma. Tuambie maji haya ni ya namna gani."

Hamduni aliitazama ile ndoo. Jasho likamtoka kwenye shati la pasi.

"Maji haya ni mazito, mama," alisema. "Yana asili ya juu. Yametoka kwa watu wakubwa. Nakushauri yasitumike ovyo."

"Mmesikia?" Bi Mwatime aliwaambia watu. "Yasitumike ovyo. Ni ya harusi na matanga."

Basi yakawa ya harusi na matanga. Rangi ilitoweka baada ya siku chache lakini sifa ilibaki, na mtu mwenye shughuli hakuona ameifanya mpaka atume mtungi kwa Bi Mwatime. Mama yule hakumnyima mtu, alichota kwa mkono wake na kusindikiza kwa dua.

Halafu ukaingia wepesi. Msinilazimishe nieleze wepesi wa wapi. Watu wa Tulizana walinyoosha miguu usiku na mchana, wengine hawakuwahi kufika kwenye kutafakari. Fundi Shomvi, mshonaji wa kanzu, aliwahi kufika mara nyingi mno, na siku moja hakurudi. Wasifu wake niliusoma mimi makaburini. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa kujisaidia mwenyewe mpaka dakika ya mwisho. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikiyakumbuka maneno yale uso unaniwaka mpaka leo.

Jioni ya mazishi nilimsikia Zaituni, mkewe Hamduni, akisema na mumewe. Msiniulize nilisikiaje. Mimi ni mjumbe, na ukuta wetu ni mwembamba.

"Mwambie mama asitumie yale maji."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia yana asili ya juu. Mwambie kweli."

"Niseme nini, Zaituni? Nimwambie mama mkwe wangu amekuwa akinywa nini?"

"Mwambie ni..." Zaituni akanyamaza. Nikasikia akianza tena, akanyamaza tena.

"Umeona," akasema Hamduni kwa upole. "Na wewe ni mwanawe wa kumzaa. Basi nitamwambia Liwali. Liwali si mkwe wangu."

*

Liwali alikuja Tulizana kutupongeza kwa utulivu wetu. Uwanja wa mkutano ulikuwa na dimbwi ambalo halikauki kiangazi wala masika, na Idara ya Mapokezi ililitengeneza kwa kulitandikia zulia. Kila Liwali alipokanyaga, zulia lilisema chwap. Alisimama akamtazama mpambe wake.

"Ni jipya, Mheshimiwa," mpambe alimnong'oneza. "Bado linazoea."

Kisha Liwali akashika kipaza sauti. Alikuwa amelelewa kwenye hotuba tangu utoto, na maneno ya majumbani hayakuwahi kumfikia.

"Wananchi wenye staha," alisema, "nimefurahi kusikia kwamba katika mtaa huu mnajisaidia. Serikali haiwezi kumsaidia kila mtu. Mtu mzima hujisaidia. Nataka kuona watu wakijisaidia maofisini, wakijisaidia mashuleni, na hata njiani ukipata nafasi, ndugu mwananchi, usisite, jisaidie."

Wanawake walivuta kanga mdomoni. Wanaume tukakohoa. Mwisho wa hotuba Liwali akauliza kama kuna mwenye neno, kama inavyoulizwa siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu nimekuwa mjumbe mtu akanyoosha mkono.

Hamduni alisimama mbele ya kipaza sauti kwa adabu zake zote.

"Mheshimiwa," alianza, "haja kubwa za wananchi hazifiki zinakotakiwa kufika. Zinavuja njiani."

Mpambe aligeuka kumtazama Liwali.

"Haja gani hizo?" akauliza Liwali.

"Kubwa, Mheshimiwa. Hakuna asiye nazo. Zimezuiwa muda mrefu, zimejaa chini kwa chini, na siku zikipasuka hatutaweza kuzirudisha."

"Na kinachozizuia ni nini?"

"Njia imeoza. Tangu wakoloni waondoke haijaguswa. Imeoza kuanzia juu. Nimefuatilia kwa rangi nyekundu, Mheshimiwa, nikagundua kwamba chanzo ni nyumba yako."

Liwali alishika kiti. "Sasa unataka kifanyike nini?"

"Kichimbuliwe chote kilichooza, Mheshimiwa, kuanzia nyumbani kwako, kitolewe nje na kiwekwe kipya."

Sisi watu wa Tulizana tulimwelewa tangu neno la kwanza, kila mtu, mpaka mabibi vizee, na tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Tulikuwa tunapiga makofi kwa ajili ya mabomba. Mahakamani makofi yale yalihesabiwa kuwa kielelezo cha kwanza.

Walimchukua kabla hajarudi kwenye kiti. Zulia likasema chwap, chwap, chwap, mpaka kwenye gari.

*

Serikali yetu si ya kupuuza mambo. Waziri alitangaza redioni kwamba wananchi hawana haja kubwa, wana haja ndogo tu, nazo serikali inazifahamu na inazifuatilia kwa karibu. Kikosi cha kutuliza ghasia kililetwa mtaani kikakaa pembeni mwa dimbwi na ngao zake, kikingoja haja zipasuke. Askari wawili walipatwa na wepesi, ikaandikwa kwamba wameshambuliwa na maadui wasioonekana.

Ikaundwa Tume ya Haja. Wajumbe wake, mabwana wa suti kutoka kilimani, walipita nyumba kwa nyumba nikiwatembeza mimi. Walipiga hodi, wakaketi, wakamuuliza mama wa watu mbele ya wanawe, "Haja yako kubwa ni ipi, na ni nani anayekuzuia kuitimiza?" Nyumba ya kwanza tulitolewa kwa ufagio. Nyumba ya pili mzee alituuliza kama kwetu tuna wazazi. Niliwaeleza mabwana wale kwamba huenda swali likaulizwa kwa namna nyingine, wakanijibu kwamba swali limepitishwa na baraza. Wakaandika kuwa wananchi wa Tulizana, walipoulizwa kuhusu haja zao, waliona ni tusi kudhaniwa wanazo. Taarifa ikafungwa. Ikabaki kesi.

Shitaka lilikuwa uchochezi wa haja kubwa za umma kwa nia ya kuing'oa serikali. Adhabu yake ni kifungo kisiwani, na kisiwani watu wakipelekwa hatuwaoni tena. Wakili aliyepewa na serikali alimweleza Zaituni mlangoni mwa mahakama, mimi nikiwa karibu kwa bahati.

"Kesi hii ni nyepesi," alisema. "Athibitishe tu kwamba hakumaanisha siasa. Alitaje lile alilolimaanisha, kwa jina lake, basi anakwenda nyumbani. Ndani ya mahakama sheria inaruhusu, kwa sharti moja dogo."

Zaituni aliuliza sharti gani, lakini kengele ilikuwa imelia.

*

Ukumbi ulijaa mtaa mzima. Bi Mwatime aliketi mbele kabisa, kwenye kiti cha heshima nilichomtengea mwenyewe, maana alikuwa mama mkwe wa mtuhumiwa na mtu wa watu. Huo wema wangu ulikuwa na hasara yake. Hamduni alipopandishwa kizimbani kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kanga ya mama mkwe wake.

"Mshitakiwa," alisema hakimu, "unasema hukuzungumzia serikali. Ulizungumzia nini?"

"Haja, Mheshimiwa. Haja zenyewe."

"Haja zipi?"

"Zile."

"Kazi yako ni nini hasa?"

Hamduni alitazama chini. "Nafanya kazi chini ya ardhi, Mheshimiwa. Kwenye njia zinazopitisha zile."

"Iandikwe," akadakia mwendesha mashtaka, "kwamba mshitakiwa anakiri kufanya kazi chini ya ardhi."

Nilimwona Bi Mwatime akiinua kichwa. Kina mama hawahitaji kuambiwa jambo mara mbili. Alikuwa anazipanga zile habari moja moja, mambo ya ndani, chini ya ardhi, njia, kopo la rangi, na mkono wake ulianza kupapasa shingo, pale maji yanapopita.

"Taja, bwana," hakimu alisema, naye hakuwa mtu mbaya. "Neno moja. Mahakama iko tayari kulisikia."

Hamduni alifungua mdomo. Akamtazama mama mkwe wake, akaufunga.

"Siwezi, Mheshimiwa," alisema. "Kwa heshima ya waliopo."

Akaitwa muuza mikate, akasema kinachovuja ni tope. Tope la nini? Tope la kawaida. Akaitwa daktari wa zahanati ya mtaa, msomi wa ng'ambo, tukapumua. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaeleza kwamba ni zao la mwili wa binadamu.

"Linatoka wapi?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Linatoka ndani kabisa ya mwananchi."

"Likiwa limezuiwa?"

"Likizuiwa sana hutoka kwa nguvu."

"Na linapotoka, mwananchi hujisikiaje?"

"Hujisikia huru," alisema daktari, ambaye hajui kusema uongo.

Mwendesha mashtaka aliketi akitabasamu, hana zaidi. Zaituni alikuwa analia kimya kimya. Hakimu akakusanya karatasi zake na kuuliza, kwa kutimiza wajibu tu, kama kuna yeyote aliyekiona kinachovuja kwa macho yake, akakijua, na anayeweza kukitaja.

Bi Mwatime alisimama.

Alitembea mpaka mbele, mama mtu mzima, mtu ambaye sijapata kumsikia hata akimtaja mbuzi dume kwa jina. Alipofika alisimama akimpa mgongo Hamduni, ili wasionane, na nikaona kwamba hata sasa anamstahi. Kanga aliiteremsha mabegani.

"Ni mavi," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Mavi yetu sote, ila yaliyoingia kisimani kwangu ni ya kule juu. Mkwe wangu aliyaona, na hapo alipo ana haya kuyataja mbele yangu. Mimi nimeyanywa. Nimempikia mwanangu. Nimewapa nyinyi kwenye harusi zenu. Fundi Shomvi nilimpelekea mtungi alipokuwa mgonjwa, nikamwambia anywe mengi apate nguvu. Na wewe, baba hakimu, kwenye khitma ya dada yako ulikunywa ukasifu, ukaomba uongezewe. Ni mavi. Huyu kijana alikuwa anawaambia bomba limepasuka."

Sikujua kwamba aibu ina uzito. Ilinishukia mabegani, na najua haikunishukia peke yangu, kwa sababu ukumbi mzima uliinama. Mama yule alikuwa amesimama peke yake amebeba neno letu sote, na sisi tuliomnywea maji yake tulikuwa tunatafuta pa kuweka macho.

Hakimu alikuwa na rangi ya majivu. Nadhani alitaka kumwachia Hamduni. Nadhani alitaka pia kutoka nje haraka.

"Karani," alisema, "andika."

"Niandike nini, Mheshimiwa?"

"Alichosema shahidi."

"Alisema nini, Mheshimiwa? Nilikuwa nimeinama kuokota kalamu."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mimi nilimsikia mama akipiga chafya."

Hapo ndipo tulipolijua lile sharti dogo. Kifungu kilisomwa. Neno la aibu likitamkwa mahakamani, huchukuliwa halikutamkwa, isipokuwa wapatikane watu watatu wasio jamaa wa mshitakiwa watakaokiri kwamba wamelisikia. Na atakayekiri hafungwi wala hatozwi kitu. Jina lake tu husomwa redioni baada ya taarifa ya habari, katika orodha ya wenye masikio machafu.

"Mliosikia," hakimu alisema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba, "inueni mikono."

Zaituni aliinua yote miwili, akaambiwa aishushe, yeye ni mke. Daktari aliinua wa kwake hadi usawa wa sikio, akajikuna. Muuza mikate alitazama dari. Watu walewale waliopiga makofi uwanjani hadi mikono ikawauma walikuwa wameikalia mikono hiyo, na huu ninaoandikia ulikuwa chini ya paja langu. Niliwaza binti zangu ambao bado hawajaposwa, na jina langu likitoka redioni. Niliwaza hayo kwa muda ambao ungetosha kabisa kuinua mkono.

"Hakuna?" akauliza hakimu. Alingoja. Akangoja tena.

Karani akaandika kwamba shahidi alipiga chafya na mahakama ilimtakia afya. Bi Mwatime hakuwa na kosa lolote, kwa kuwa hakusema kitu. Hamduni hakuwa na utetezi wowote, kwa kuwa hakuna kilichosemwa. Akapewa kisiwa, miaka saba, na hakimu akatoka kwa mlango wa pembeni ameshika tumbo.

*

Tulijipanga nje, pande mbili za njia, kama tunavyojipanga kwenye kila jambo. Askari walimtoa Hamduni na pingu. Shati lake lilikuwa bado na mikunjo ya pasi. Bi Mwatime alikuwa amesimama katikati ya njia, na askari wakasita, maana kumsukuma mama mtu mzima ni utovu wa staha.

"Ungeniambia, baba," alisema.

"Niliona haya, mama."

"Na mimi nilikuwa nakunywa."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza tu ilivyokuwa siku ile. Hamduni alifungua mdomo. Tulisogea ili tusikie, maana tulijua sasa hana cha kupoteza na huenda akalitaja, na nafikiri kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kutoa mkono wake mfukoni, sasa ambapo hakuna aliyekuwa akiuhitaji.

Wakampandisha garini. Mpaka gari linaondoka alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema kwa adabu.